Taa inawaka, lakini je, unasikika?

Tangu Mei 12, 2024, siku mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipopata hitilafu kwa pamoja na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima, hapa Tanga kila tatizo lina jibu moja. Mashine ya malipo imegoma? Mkongo umekatika. Kamera ya dukani imeganda? Mkongo. Printa ya ghorofani haitoi karatasi? Mkongo huo bwana, kwani hukusikia?

Printa na kompyuta inayoiagiza zimetenganishwa na ukuta mmoja. Baharini zinaendea nini?

Mimi ni fundi mitandao, na jibu hilo ningeweza kulizoea kama nilivyozoea mengine. Kinachonisumbua ni neno lenyewe, "kukatika". Limetuzoesha kuona waya kama una hali mbili tu: mzima au umekatika, taa inawaka au imezima. Hata mafundi wenzangu huingia ofisini, wakatupa jicho kwenye taa za kijani, wakasema "waya mzima huu, tatizo liko kwa watu wa intaneti". Ipo hali ya tatu. Waya unaoleta na haupeleki, au unaopeleka na hauleti. Hali hiyo huweza kuua mtandao wa ofisi nzima huku taa za swichi zikiwaka kama kawaida, na ndiyo ninayotaka kuifafanua leo.

Tukubaliane maneno kwanza. Swichi ni kile kisanduku chenye matundu mengi kinachounganisha kompyuta, kamera, simu za mezani na vifaa vingine ndani ya jengo. Kila tundu huitwa poti. Pakiti ni kipande cha taarifa kinachosafiri, tuseme bahasha. Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga badala ya umeme. Na kiungo ni njia nzima kutoka poti ya swichi hii hadi poti ya swichi ile.

Unapoona waya mmoja wa faiba wa rangi ya njano umechomekwa kwenye swichi, utadhani ni njia moja. Ukitazama kwa karibu utaona ni nyuzi mbili zilizoshikana. Mmoja hutoa mwanga kwenda ng'ambo, mwingine hupokea mwanga kutoka ng'ambo. Ni njia mbili zilizolazwa sambamba, kila moja ikielekea upande wake. Hata mikongo ya baharini imejengwa hivyo: nyuzi zake huhesabiwa kwa jozi, mmoja wa kwenda, mwingine wa kurudi. Wapo wanaotumia uzi mmoja kwa pande zote mbili, kwa kuupa kila upande rangi yake ya mwanga, lakini majengo mengi ninayoingia yana jozi.

Sasa fikiria kivuko cha Pangani kwenda Bweni kingekuwa viwili: kimoja kinavusha watu kwenda tu, kingine kinawarudisha tu. Wewe umesimama upande wa Pangani. Kila baada ya muda unaona chombo kinatia nanga, abiria wanateremka na mizigo yao. Utaapa kwamba usafiri uko sawa. Kumbe kile kinachokwenda kimekwama katikati ya mto tangu asubuhi, na wote uliowapungia mkono wako huko. Unachokiona gatini ni wanaofika kwako. Waliotoka kwako huna habari nao.

Taa ya poti ya faiba iko hivyohivyo. Inapowaka, kwa lugha nyepesi inasema: kuna mwanga mzuri unaoniingia. Imekueleza juu ya sikio lake. Juu ya sauti yake, kwamba ng'ambo wameipata au hawakuipata, mara nyingi haijui.

Kila mwenye simu amewahi kuishi jambo hili. Unapigiwa, unapokea, unasema haloo. Upande wa pili nao "haloo? haloo? mbona husemi?" Wewe unamsikia vizuri kabisa, unapiga kelele mpaka majirani wanageuka, yeye anakata. Wakati wote huo skrini yako ilikuwa inahesabu sekunde za maongezi kama vile mnaongea. Hesabu ile ya sekunde ndiyo taa ya kijani.

Kwa nini waya wa shaba, ule wa kawaida wa kompyuta, hauna sana ugonjwa huu? Kwa sababu kwenye kasi ya gigabiti, jozi zake zote nne hubeba mazungumzo ya pande zote mbili kwa wakati mmoja, na vifaa viwili hupatana kwanza kabla ya kuwasha kiungo. Ukikata jozi moja, mara nyingi kiungo kinazima chote au kinashuka kasi, nawe unaona. Faiba nayo ina kinga zake: kwenye gigabiti moja upande ulioacha kupokea huweza kumwarifu mwenzake, na kwenye gigabiti 10 taarifa hiyo imejengwa ndani kabisa. Shida huanza pale fundi anapozima mapatano hayo ya mwanzo ili "waya uwake haraka", au pale panapowekwa kifaa cha katikati kisichopeleka habari. Na vifaa vya katikati mjini hapa ni vingi mno.

Nitakupa mfano nilioushika kwa mikono yangu.

Kuna ofisi moja upande wa Chumbageni, sitaitaja, ina ghala ng'ambo ya uwanja. Kutoka kabati la mtandao la ofisini hadi kabati la ghalani ni kama mita 200, na waya wa shaba kikomo chake ni mita 100, kwa hiyo walivutiwa faiba. Tena mbili: ya kwanza imepita chini kando ya ukuta, ya pili imepita juu kwenye nguzo, ili moja ikikatwa na wachimba mitaro nyingine iendelee. Wazo zuri sana. Faiba ya kwanza iliingia moja kwa moja kwenye swichi. Ya pili, kwa kuwa poti za faiba zilikuwa zimekwisha, iliwekewa konvata kila upande. Konvata ni kile kiboksi kidogo kama pakiti ya sigara kinachopokea faiba huku na kutoa waya wa shaba kule.

Niliitwa Jumatatu asubuhi. Mama wa uhasibu alinipokea mlangoni. "Mwanangu, tangu saa mbili sijaingiza hata risiti moja. Wananiambia mkongo."

Nikaenda kwenye kabati. Swichi ikiwa katika hali ya kawaida taa zake hupepesa kila moja kivyake, kama watu wanaopiga soga barazani. Siku hiyo zilikuwa zinapepesa zote pamoja, kwa kasi, bila kupumzika. Ukiziona hivyo, mkongo wa baharini uondoe mawazoni. Kuna kitu kinazunguka humohumo ndani.

Nikachomoa waya wa njia ya pili. Papo hapo taa zikatulia, na nikasikia kutoka chumba cha uhasibu, "Imekuja!" Nikauchomeka tena. Hakuna kitu. Nikaanza kujipongeza, labda ulikuwa umelegea tu. Ikapita nusu dakika hivi, taa zote zikaanza kupepesa pamoja. "Imeondoka!" Nikachomoa, ikaja. Nikachomeka, nusu dakika, ikaondoka. Na muda wote, kwenye poti ile na kwenye konvata iliyokuwa mbele yangu, taa zote zilikuwa za kijani, nzima, hazina neno.

Hapo inabidi tusimame kidogo tueleze kitu kinachozunguka ni nini, maana bila hilo hadithi haieleweki.

Swichi ikipokea tangazo la wote, mfano kompyuta inayouliza "mwenye anwani hii ni nani?", kazi yake ni kulitoa kupitia kila poti isipokuwa ile lililoingilia. Ukiwa na njia mbili kati ya swichi mbili, tangazo hutoka ofisini kwa njia ya kwanza, likafika ghalani, likarudishwa ofisini kwa njia ya pili, likatolewa tena kwa njia ya kwanza. Pakiti za intaneti zina hesabu ya uhai ndani yake, isiyozidi 255, na kila rauta huipunguza moja mpaka pakiti inakufa. Bahasha ya nje inayotumika kati ya swichi na swichi haina hesabu hiyo. Haizeeki. Msemo wa mji wetu ni "waja leo waondoka leo". Pakiti hizi zilikuja, na kuondoka haziondoki. Poti ya gigabiti moja inaweza kupitisha pakiti ndogo takribani milioni 1.49 kwa sekunde, na matangazo yakianza kuzunguka huijaza yote. Risiti ya mama wa uhasibu ipite wapi?

Tatizo hili lina dawa ya zamani. Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa kampuni ya Digital Equipment ya Marekani, alibuni itifaki, yaani kanuni za vifaa kuzungumza, iitwayo spaningi-trii: mti unaofika kila tawi bila kujirudia. Mwaka 1990 ikawa kiwango rasmi. Swichi huambiana zenyewe nani ni shina, na pakiwepo njia ya ziada, poti moja hufungwa ikae akiba. Kwenye ofisi ile, poti iliyokuwa imefungwa ni ya ghalani, ya njia ya pili, na ilikaa hivyo muda mrefu bila mtu kujua.

Jambo la kushika ni hili: poti ile iliendelea kujifunga kwa sababu ilikuwa inasikia. Kila sekunde 2 swichi ya ofisini hutuma ujumbe mfupi kupitia njia ya pili, "nipo, shina ni mimi". Ghalani ikiusikia inajua njia ya ziada bado ni nzima na ikifunguliwa itazunguka, basi inabaki imefungwa. Isiposikia kitu kwa sekunde 20, inaamini ng'ambo hakuna mtu. Inangoja sekunde 15, kisha 15 nyingine, halafu inafungua. Jumla 50.

Umeona mtego ulipo? Uzi wa kutoka ofisini kwenda ghalani ulikuwa umekufa. Wa kutoka ghalani kuja ofisini ulikuwa mzima. Swichi ya ghalani iliacha kusikia, ikahesabu sekunde zake 50, ikafungua poti kwa nia njema kabisa. Kuanzia hapo matangazo yakawa yanakwenda ghalani kwa njia ya kwanza na kurudi ofisini kwa njia ya pili, kwenye ule uzi mmoja uliobaki hai. Ile nusu dakika yangu ya kujipongeza zilikuwa zile 15 mara mbili za upande wa ofisini, baada ya mimi kuchomeka upya. Na kama nyuzi zote mbili zingekatika, mtandao usingekufa hata kidogo, kwa kuwa njia ya kwanza ilikuwa ipo. Nusu ya ubovu ilidhuru kuliko ubovu kamili.

Ufunguo wa kabati la ghalani alikuwa nao mtu aliyesafiri kwenda Korogwe. Tukangoja. Babu mlinzi akanitafutia kigoda na chai ya rangi, akaniuliza kama kweli mikongo huliwa na papa.

Kabati lilipofunguliwa mchana, jibu lilikuwa mlangoni. Waya wa njano ulikuwa umeachwa mrefu kupita kiasi, kitanzi chake kikining'inia nje kidogo, na kila mlango ulipofungwa bawaba iliubana. Nyuzi zile mbili zilikuwa zimeachana mahali hapo: mmoja umekwepa ukakaa pembeni, mwingine una alama nyeupe ya mkunjo, na nilipoushika ukapinda pale pale kama njiti iliyovunjika ndani ya ganda. Kwenye konvata taa zote zilikuwa zinawaka isipokuwa moja, ile inayosema faiba inapokea. Taa hiyo moja ndiyo ingeniambia kila kitu asubuhi, na ilikuwa ndani ya kabati lililofungwa, upande ambao sikuwa.

Kwa nini basi swichi ya ghalani haikujua kwamba faiba imekufa? Kwa sababu yenyewe haikuwa na faiba. Ilikuwa na waya wa shaba wa nusu mita unaokwenda kwenye konvata, na konvata, maadamu ina umeme, ilikuwa inaiambia swichi "tuko pamoja". Zipo konvata zinazozima upande wa shaba faiba ikizimika. Za bei ya chini nyingi hazifanyi hivyo, au zinafanya lakini kuna kiswichi kidogo ubavuni ambacho hakuna aliyekigusa.

Tufike kwenye kinga yenyewe. Inaitwa UDLD. Cisco, kampuni inayotengeneza swichi, ndio walioibuni kwa vifaa vyao, na mwaka 2008 maelezo yake yakachapishwa kwa umma kama waraka RFC 5171. Kazi yake ni moja tu, kugundua kiungo kinachokwenda upande mmoja na kufunga poti kabla madhara hayajaanza.

Ukitaka kuielewa, kumbuka bibi alivyokuwa akitega vitendawili. Hakuanza tu. Alisema "Kitendawili!" akanyamaza, mpaka asikie "Tega!" Asipoitikiwa, anajua wajukuu wamelala, haendelei. Taa ya kijani ni bibi kuona watoto wamekaa mkekani. "Tega" ni ushahidi kwamba sauti yake imefika.

UDLD inakwenda hatua moja mbele ya bibi, maana kwenye giza la kabati lenye nyuzi arobaini huwezi kuridhika na "tega" ya mtu yeyote. Kila swichi, kwa kawaida kila baada ya sekunde 15, hutoa ujumbe wenye mambo mawili: mimi ni swichi fulani, poti namba fulani, na ninaowasikia kwenye poti hii ni hawa. Hiyo orodha ya pili ndiyo moyo wa kitu chote. Nikipokea ujumbe wako na kukuta jina langu kwenye orodha yako, nimejua mambo mawili kwa mpigo: ninakusikia, na wewe unanisikia. Nikipokea ujumbe wako na jina langu halimo, nakusikia lakini sisikiki. Funga poti.

Kuna kisa kingine kinachonifurahisha. Ngamiani nyumba nyingi zina ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku. Unapiga hodi chumba cha kwanza kushoto, "karibu" inatoka chumba cha tatu kulia. Umeitikiwa, ndiyo, lakini si na uliyemgongea. Kwenye faiba hutokea fundi anapochanganya jozi: uzi wangu wa kutoa umekwenda kwa swichi ya B, wa kupokea unatoka kwa swichi ya C. Taa zote zinawaka! Kila mtu anapata mwanga. UDLD inalikamata kwa kuwa jina la ninayemsikia na orodha anayoileta haviendani na mimi. Na nikisikia ujumbe wenye jina langu mwenyewe kama mtumaji, najua kuna mtu amenirudishia sauti yangu sikioni.

Na ukimya mtupu je? Jirani niliyekuwa namsikia akinyamaza kwa vipindi vitatu, namfuta kwenye orodha. Hapa kuna hali mbili. Katika hali ya kawaida, ukimya hauhesabiwi kuwa kosa. Huenda jirani amezimwa tu au anawashwa upya, hivyo poti inaachwa. Katika hali kali, swichi hujaribu kumwamsha jirani mara 8, mara moja kila sekunde, na asipojibu poti inafungwa. Ipi bora? Kwa kiungo kinachobeba jengo zima mimi huchagua kali, ingawa nimewahi kuamshwa usiku kwa sababu hiyo. Wenzangu wengine hawakubaliani nami, na wana hoja: hali kali huweza kufunga poti nzima kwa sababu tu swichi ya jirani ilielemewa na kazi ikachelewa kujibu.

Piga hesabu sasa. Sekunde 15 mara tatu ni 45. Spaningi-trii ya zamani hufungua mlango kwenye sekunde ya 50. Umebaki na sekunde 5, na ukiongeza zile 8 za hali kali umeshapitwa. Ndiyo maana mafundi wengi hupunguza kipindi hadi 7, na 7 mara tatu ni 21. Spaningi-trii mpya nayo haingoji 50. Ikikosa ujumbe mara tatu, yaani sekunde 6, inaanza kuchukua hatua, lakini ina akili ya ziada: ikiona jirani anazungumza kana kwamba hajamsikia, inazuia poti yenyewe. Ukiwa na swichi za siku hizi zilizopangwa vizuri, umeshapata sehemu ya kinga hii bila kujua.

Watu wanaulizana pia kama lazima ununue swichi za kampuni moja. UDLD inahitaji pande zote mbili ziizungumze. Upande mmoja ukiwa bubu, mwingine hubaki "sijui" na hauchukui hatua. Huawei wana yao, DLDP, inayofanya kazi ileile kwa lugha nyingine. Ukiwa na mchanganyiko, LACP ni ya wote: hufunga viungo viwili viwe kimoja na pande zote hujibizana, kwa kasi yake ya haraka kila sekunde 1, ikikosa kwa sekunde 3 kiungo kinatolewa kundini. Tena njia zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja, hakuna ya kukaa bure. Kusema kweli, kwa ofisi ndogo yenye faiba mbili mimi ningeanza na hiyo.

Turudi Chumbageni, maana kuna lililoniuma. Nilipoingia kwenye mipangilio ya swichi zile nilikuta fundi wa kabla yangu alishawasha UDLD! Aliandika amri moja ya jumla, akaondoka na amani. Kwenye swichi za aina ile amri ya jumla inawasha poti za faiba peke yake. Poti za shaba lazima zitajwe moja moja. Na poti iliyokwenda kwenye konvata, machoni pa swichi, ilikuwa ya shaba. Kinga ilikuwepo kwenye njia isiyoihitaji sana, haikuwepo kwenye ile iliyoihitaji. Simlaumu, mwenyewe ningepita hapohapo.

Nikikutana na mtu anayesema "UDLD ndiyo inaua mtandao wetu, izime", huwa namuuliza kama nyumbani kwake fyuzi ikiungua anafunga waya. Poti iliyofungwa na UDLD haifunguki yenyewe mpaka fundi aifungue au uwe umeiwekea muda wa kujaribu tena, kwa kawaida sekunde 300. Inaudhi. Lakini ukiifungua kabla ya kujua kwa nini ilijifunga, umeurudisha mzunguko kwa mkono wako.

Utaujuaje ugonjwa huu bila UDLD? Pingi, ile pakiti ya kuuliza "upo?" na kungoja jibu, haitoshi: inahitaji kwenda na kurudi, ikishindwa haikwambii imefia upande upi. Soma hesabu za pakiti kwenye poti, pande zote mbili. Huku zinazotoka zinaongezeka na kule zinazoingia zimesimama: umepata uzi wako. Swichi nyingi zenye moduli za faiba, vile vipande vinavyochomekwa kwenye poti kutoa na kupokea mwanga, huonyesha pia nguvu ya mwanga unaopokelewa, kwa kipimo cha dBm. Hasi 8 ni afya njema, hasi 40 ni giza. Na kabla ya kununua moduli mpya safisha ncha. Kiini cha uzi wa masafa marefu kina upana wa mikroni 9 hivi, unywele wako una kama 70, kwa hiyo punje ya vumbi usiyoiona inaweza kuziba njia nzima. Maghala yetu yana vumbi la kila aina, na mwenye kabati huacha mlango wazi lipate hewa.

Usichungulie uzi kwa jicho uone kama unawaka. Mwanga wa faiba hauonekani na unaweza kudhuru jicho. Kuna wanaoelekeza kamera ya simu; kwa mwanga wa nanomita 1310 unaotumika sana kati ya majengo, kamera ya simu haioni kitu, utaona giza na kuhukumu kifaa kizima kuwa kibovu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi ofisi ile jioni, watu wakiwa wameshaondoka. Waya mpya, mfupi, umefungwa mbali na bawaba. Poti za shaba zimetajwa moja moja, kipindi kimewekwa 7. Nikamwomba babu mlinzi akae kwenye skrini za kamera za ghalani aniambie zikiganda. Nikachomoa uzi mmoja tu wa konvata ya ghalani, ule wa kupokea, nikaacha mwenzake, nikaanza kuhesabu kwa sauti.

Kabla sijafika thelathini, taa ya poti ya ghalani, ambayo sikuwa nimeigusa kabisa, ikazima. Taa nyingine za swichi zikaendelea kupepesa kila moja kivyake.

"Babu, picha zimeganda?"

"Hazijaganda. Kuna paka anapita kwenye magunia. Kwani umeshaanza?"